Mnyera, Mto wa Samaki Mwenye Meno

Samaki huyu alipata jina lake la kitaalamu mwaka 1986. Mtafiti wa Uingereza, Barbara Brewster, alikuwa akiipanga upya jamii ya Hydrocynus, akabaini kwamba yule wa mito ya mashariki mwa Tanzania, Ruvu na Rufiji na matawi yake, si yule wa Zambezi wala wa Naili, akamwandika Hydrocynus tanzaniae. Huku Mlimba na Masagati, katika bonde la Kilombero, habari hiyo, hata kama ingefika, isingemshtua mtu. Watu walikwisha kumla wa kubanika na wa kukausha kwa vizazi vingi, na makovu ya meno yake yalikuwa mengi vidoleni mwa wavuvi kuliko kurasa zilizoandikwa juu yake.

Ndugu yake wa Ziwa Tanganyika huitwa kibebe. Wageni humwita kwa jina la chui milia, na ukimshika hutabishana nao. Meno yake hayafichwi na midomo. Hukaa nje, ya juu yakiingia katikati ya ya chini kama zipu, na akiyafunga kwenye mshipi wa nailoni, mshipi umekwisha. Ndiyo maana anayemvua kwa ndoano hana budi kuweka kipande cha waya kabla ya chambo. Mgongo wake ni wa kijivu kilichoiva, ubavu ni wa fedha yenye mng'ao wa bluu, na mkia umepasuka panda mbili kwa ajili ya kasi. Hula samaki wenzake. Jamaa yake wa Afrika Kusini alithibitishwa na watafiti mwaka 2014 kuwa huruka nje ya maji akamdaka mbayuwayu angani, jambo ambalo wavuvi walikuwa wakilisema siku zote na wasomi wakilicheka.

Nimemweka samaki mbele kwa sababu ndiye aliyewaleta Mnyera wageni wa mwisho katika orodha ndefu ya wageni. Hao walikuja na ujuzi wa baharini. Kuna uvuvi wa burudani unaofanyika kwenye maji ya chumvi yasiyozidi magoti, juu ya mchanga, nyasi za bahari na miamba inayobaki wazi maji yanapopwa. Watu wa Mafia na Kilwa wanayajua maji hayo vizuri. Kwa bamvua akina mama huyashukia na vijiti vyao kutafuta pweza, na watoto huokota chaza. Ushelisheli, Bahama na pwani ya Sudan ya Bahari ya Shamu, maji ya namna hiyo yamegeuka uwanja wa mchezo wa matajiri. Mvuvi hutembea polepole, jua likiwa mgongoni, amvizie kolekole au samaki mwingine kwa macho, na hatupi ndoano mpaka amemwona. Ndoano yenyewe haina chambo cha nyama. Imefungwa manyoya na nyuzi za kumetameta ili ifanane na dagaa au kamba, na ni nyepesi kiasi kwamba kinachoibeba hewani ni uzito wa mshipi.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Afrika Kusini iliyoitwa Tourette Fishing, ambayo pia iliendesha safari za uvuvi kwenye maji mafupi ya Sudan, iliuleta uvuvi huo wa manyoya kwenye mito ya Mnyera na Ruhuji, juu ya Mlimba, ndani ya eneo la vitalu vya uwindaji. Mwaka 2011 filamu iitwayo Connect, ya kampuni ya Confluence Films ya Marekani, ikawaonyesha watazamaji wa Ulaya na Marekani samaki wa huku. Ghafla mto ambao hata Watanzania wengi hawajausikia ukawa ndoto ya watu wanaoishi Montana na Cape Town. Katika masimulizi yao Mnyera ni mto usiowahi kuguswa. Hilo neno la kutoguswa ndilo lililonifanya nifunge mzigo, maana njia ya kwenda Mnyera imekanyagwa sana.

Wageni wa mchezo huo huruka kwa ndege ndogo mpaka kwenye uwanja wa majani. Mimi nilishuka kwa reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kuanzia mwaka 1970 na ikakabidhiwa mwaka 1976. Mlimba ndipo tambarare inapoishia. Kutoka hapa reli inapanda ukuta wa nyanda za juu kuelekea Makambako, na kipande hicho ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote: mahandaki mengi ya reli nzima yako hapo, pamoja na daraja la Mto Mpanga lililosimama juu ya nguzo ndefu kuliko zote njiani. Hata hivyo Wachina hawakuwa wa kwanza kuipima njia hiyo. Mhandisi Clement Gillman aliitembea nchi hii kwa miguu akitafuta pa kupitisha reli ya kusini magharibi, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Waingereza waliisoma, wakaiweka kabatini.

Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, anaonyesha jinsi watu wa bonde walivyoichukua TAZARA wakaifanya yao. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, nao wakaipakia ndizi, mchele, mahindi na samaki. Ukifika stesheni ya Mlimba treni ya abiria ikisimama, utaona anachokisema. Beseni zinapanda mpaka madirishani, bei zinapigwa kelele, abiria ananunua samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti na kumlipa muuzaji anayekimbia sambamba na behewa. Samaki wa Mnyera na Kilombero walikuwa wamekwisha kupanda Makambako na Mbeya kwa njia hiyo muda mrefu kabla picha yao haijafika Marekani.

Kutoka Mlimba barabara inaelekea Utengule, Masagati na Taweta, na hatimaye inapanda Madeke upande wa Njombe. Kiangazi ni vumbi jekundu na bodaboda. Masika ni utelezi na subira. Ukuta wa milima ya Udzungwa uko nyuma yako upande wa kulia, na mbele kuna mashamba ya mpunga, kokoa na migomba, halafu misitu ya miombo, halafu tena mpunga. Hii ndiyo nchi ambayo Waingereza wawili, A. T. Culwick aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni na mkewe G. M. Culwick, waliiita Ubena of the Rivers katika kitabu chao cha mwaka 1935. Wabena wa milimani ni watu wa baridi. Wa huku walishuka katika karne ya 19 wakawa Wabena wa mito, wakijifunza mtumbwi na mgono kwa Wandamba waliowakuta. Kitabu kile kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, mtawala wa Wabena wa bonde. Ni jambo la nadra kwa vitabu vya wakati ule, ambavyo kwa kawaida vilimhoji mwenyeji kisha vikamwacha mlangoni.

Mzungu aliyeandika mapema juu ya bonde hili ni Joseph Thomson. Mwaka 1879 alikuwa kijana wa miaka 21, bosi wake Keith Johnston akafa Behobeho tarehe 28 Juni, na safari ikabaki mikononi mwake. Kusema kweli ilibaki mikononi mwa James Chuma, yule yule aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapagazi. Chuma ndiye aliyejua jinsi ya kuomba njia, kulipa hongo na kutuliza ugomvi wa kambini. Msafara ukapita bonde la Ulanga, jina ambalo Kilombero ilijulikana nalo kwenye ramani za zamani, ukapanda Uhehe na kufika Ziwa Nyasa. Thomson akaandika vitabu. Ningetoa fedha nyingi kusoma kitabu cha Chuma.

Baada yao wakaja Wajerumani, na hapo historia ya bonde ikawa ya kuchagua upande. Mtema Kiwanga wa wakati huo alichagua kusimama na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Maji Maji ilipowaka mwaka 1905 na boma la Mahenge kushambuliwa mwishoni mwa Agosti, yeye alibaki upande ule ule. Leo ni rahisi kumhukumu. Alikuwa na Wahehe juu yake mlimani na boma la bunduki mbele yake ng'ambo ya mto, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kumwonyesha anachoweza kufanya. Nimesikia wazee wa Utengule wakilizungumza suala hili bila fahari na bila aibu, kama watu wanaoeleza kwa nini babu yao aliuza ng'ombe mwaka wa njaa.

Miaka 11 baada ya Maji Maji mito hii hii ikawa mstari wa vita vya wengine, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalishuka kutoka Njombe mwaka 1916, na Oktoba ya mwaka huo kikosi cha King's African Rifles kilichoongozwa na Hawthorn kilizingirwa na Wajerumani huko Mkapira, ukingoni mwa Ruhuji, mpaka kilipotoka kwa nguvu na kuuvunja mzingiro. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Waliokufa zaidi katika vita ile nzima hawakuwa askari bali wapagazi, kwa kuhara, homa na njaa, na walikufa njiani wakiwa na mizigo ya unga na risasi vichwani. Mahenge ilianguka mikononi mwa Wabelgiji Oktoba 1917. Hakuna bango Ruhuji linalosema hivyo. Mvuvi wa kigeni anayetupa ndoano yake ya manyoya kwenye mto huo haambiwi kwamba mto aliopewa kama usioguswa ulikuwa mpaka wa majeshi.

Mnyera yenyewe, ukiifikia juu ya mkutano wake na Ruhuji, ni mto wa kusisimua. Si mpana sana. Maji ni ya rangi ya chai nyepesi kiangazi, yanakwenda kwa nguvu, na chini yake kumelala magogo ya miti iliyoangushwa na mafuriko. Kingo zina misitu minene, mchanga mweupe hujitokeza kwenye mizingo, na viboko hukohoa kwenye vilindi. Mzee aliyenivusha kwa mtumbwi wa gogo alisimama nyuma na upondo mrefu, akiusoma mto kwa sura ya juu ya maji: palipo na mkunjo kuna gogo, panapozunguka kuna kilindi, panapotulia ghafla usipaamini, yupo mwenyewe. Mwenyewe ni mamba, na hakumtaja kwa jina tulipokuwa majini.

Nilimuuliza samaki mwenye meno anakaa wapi. Akanionyesha kwa kidevu, bila kuacha upondo: mbele ya gogo lile, pale maji ya haraka yanapougusa mkondo wa polepole. Hulala kwenye utulivu akingoja mto umletee chakula. Nilikuwa nimewahi kusoma maelezo ya waongozaji wa kigeni kuhusu mahali pa kutupa ndoano, kwa michoro na mishale. Yalikuwa ni hayo hayo, na si ajabu, maana wengi wa vijana walioshika injini na kasia kwenye boti za wageni walikuwa wa vijiji hivi.

Msimu wa mchezo huo huanza Agosti na kwenda mpaka karibu na mvua za mwisho wa mwaka. Sababu iko kwenye mwendo wa bonde lenyewe. Masika yanapofika, maji ya Mnyera, Ruhuji, Mpanga, Kihansi na mito mingine ya milimani hufurika kwenye tambarare, na samaki huyafuata mbugani kuzaliana na kula. Maji yakipungua, perege, kambale, ndungu na wengine wote hurudi mtoni kwa msongamano, na huyu mwenye meno anawangoja. Kiangazi kinapokaza, mto ni mdogo, safi, na umejaa. Hapo ndipo samaki wa kilo 9 na zaidi wanapokamatika. Wavuvi wa vijiji wanaijua kalenda hiyo hiyo, ila wao huiita wakati wa kujenga kambi na kukausha.

Kuna jambo moja ambalo wenyeji wamelizoea bila kulikubali. Mgeni anamvuta samaki kwa robo saa, samaki akiruka na kutikisa kichwa mpaka mara nyingi anaitema ndoano. Akifanikiwa kumfikisha, anampima, anapigwa naye picha, kisha anamshika mkiani majini mpaka apate nguvu, anamwachia. Fedha za safari hiyo zingemlisha mwanakijiji kwa miaka. Bwana mmoja pale Taweta aliniambia kwamba mwanzoni walidhani ni kiapo cha dini. Mimi naona hesabu yake ni nzuri: samaki mmoja anauzwa mara nyingi akiwa hai. Tatizo ni nani anapokea malipo. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na katika misimu ile ajira za kambini zilikuwepo kweli kwa baadhi ya vijana. Ila mwenyeji anayekamatwa na mgono kwenye mto ambao mgeni anauchezea hawezi kulielewa somo la uhifadhi kwa urahisi.

Mipaka ya bonde imezidi kukaza mwaka hadi mwaka. Eneo hili liliwekwa chini ya udhibiti wa wanyamapori tangu mwaka 1952. Mwaka 2002 tambarare ya Kilombero, karibu kilomita za mraba 7,967, iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, hasa kwa ajili ya sheshe, swala ambaye sehemu kubwa ya waliobaki duniani ilikuwa hapa. Baadaye ng'ombe walipozidi kukawa na operesheni za kuwaondoa, na mwaka 2023 Kilombero ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Sina ubishi na nia. Bila ulinzi mpunga na mifugo vingekwisha kuimeza mbuga yote. Nasema tu kwamba vigingi hupangwa na watu wanaotazama nchi kavu, na uhai wa bonde hili uko majini.

Na majini ndiko kunakokuja jambo kubwa kuliko wageni wote. Kilombero hutoa kiasi cha asilimia 62 ya maji ya Rufiji. Maji haya ya Taweta hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, huingia kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, kisha huteremka hadi kwenye delta yenye mikoko mingi kuliko popote Afrika Mashariki, inayotazamana na Mafia. Kamba wa Rufiji wanategemea matope na maji baridi yanayotoka huku. Hata yale maji mafupi ya Mafia, ya akina mama na pweza, yako jirani na mlango wa mto huu. Ruhuji imepangiwa mtambo wa megawati 358, na Mnyera mfululizo wa mabwawa kadhaa, mojawapo likibeba jina la Taveta. Umeme tunauhitaji. Stesheni ya Mlimba inauhitaji, na mashine za kukoboa mpunga zinauhitaji.

Lakini hapo jirani, kati ya Ifakara na Mlimba, tuna mfano wa Kihansi. Mradi ule wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa wakati, mwaka 1996, alipogunduliwa chura mdogo wa manjano aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si kwingine popote duniani. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye matangi huko Marekani, na kuwarudisha kumegharimu fedha na miaka. Chura yule angalau alikuwa amehesabiwa. Samaki wa Mnyera ana jina la mwaka 1986, ana filamu na ana picha nyingi mikononi mwa wageni waliomwachia, lakini hesabu hana.

Vipimo vya kuanzia vipo tayari, vimetawanyika tu. Kila samaki aliyeachiwa na mgeni alipimwa kabla ya kurudi majini, na kila mzee wa upondo kati ya Utengule na Taweta anajua samaki hupanda lini, huzaliana kwenye mbuga ipi na hulala kwenye kilindi kipi. Halmashauri ya Mlimba, mamlaka ya wanyamapori (TAWA) na wataalamu wa uvuvi wanaweza kuziomba kampuni za uvuvi wa burudani vitabu vyao vya kambi, na kukaa na wazee hao kijiji kwa kijiji, wakaandika yote mahali pamoja kabla tingatinga la kwanza halijafika Ruhuji. Kazi hiyo ni ya msimu mmoja wa kiangazi, na gharama yake haifiki bei ya nguzo moja ya bwawa. Ifanyike sasa, na majina ya wazee wanaotoa maelezo yaandikwe kwenye jalada.